Andazi la Kwanza ni la Mgonjwa

Jumapili ya kwanza mama hakusema kitu. Ya pili aligeuka akiwa kwenye foleni ya komunyo, mikono kaifumbata kifuani, akaniona nimebaki peke yangu kwenye benchi, magoti nimeyaweka upande ili wengine wapite. Ya tatu hakunitazama kabisa, na hapo ndipo nilipojua kwamba maneno yanakuja. Mama yangu jambo dogo hulisema palepale. Jambo kubwa hukaa nalo kwanza, kama mtu anayesubiri maharage yaive.

Alikuwa amekuja kwangu, mtaa wa Cheyo hapa Tabora, kutoka Ulyankulu, kwa ajili ya macho. Hospitali ilimpa tarehe mbili zilizopishana kwa mwezi mzima, nikamwambia asihangaike na mabasi, akae tu. Nilisema hivyo kwa moyo mweupe. Baadaye nikaanza kuogopa hata kabla hajafika, kwa sababu kulikuwa na jambo nililokuwa nimemficha kwa miezi minane, nami si hodari wa kuficha. Nafundisha watoto wa darasa la nne kule Itetemia. Kazi yangu ni kuwakamata waongo, sijazoea kuwa upande wao.

Jambo lenyewe lilikuwa hili: daktari alikuwa amenikataza kula ngano mpaka nife. Ukilisikia hivyo unaweza kucheka, na mimi siku ya kwanza nilicheka. Lakini nyuma ya katazo hilo alikuwapo mdogo wangu wa kike, aliyekufa akiwa na miaka mitatu, na nyuma ya mdogo wangu alikuwapo mama na karai lake la maandazi. Nikimwambia habari ya ngano, angefika kwenye karai mwenyewe bila kuonyeshwa njia. Nilikuwa tayari anifikirie lolote, mradi asifike huko.

Nianze na tumbo. Watu wengine hujulikana kwa sauti nzuri au kwa ukarimu; mimi nilijulikana kwa tumbo. Shule nzima ilikijua kichochoro changu kati ya darasa la nne na choo cha walimu. Nilitibiwa amiba mpaka muuza dawa akawa ananihesabia vidonge kabla sijafungua mdomo. Nilitibiwa minyoo, nikatibiwa taifodi, ambayo kwetu hupewa kila anayeingia ameshika tumbo. Damu ilikuwa haitoshi mwilini, nikameza vile vidonge vyekundu kwa miaka, na damu ikaendelea kutotosha. Nilikonda. Nilipima virusi mara tatu, na mara ya tatu sikuwa na shaka mimi, walikuwa nayo wenzangu wa ofisi ya walimu. Mimba mbili zilitoka, na ya tatu haikuja. Nililia kwa ajili ya hizo mbili kuliko nilivyowahi kulia kwa ajili ya chochote, ukiacha kimoja.

Kitu kimoja tulikiona sote, ila tulikisoma vibaya. Kila likizo ya mwezi wa sita tulikwenda kwa wakwe zangu, upande wa Sikonge. Mume wangu ni seremala, mtu wa Moraviani, na kwao wanakula ugali wa mahindi na mlenda, asubuhi michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga. Mkate hauonekani huko isipokuwa Krismasi. Wiki ya pili tu nilikuwa mtu mwingine. Nilipata usingizi, nilipata mashavu, nilikwenda shambani nikarudi naimba. Mama mkwe alinitazama mwaka wa kwanza, akanitazama wa pili, wa tatu akatoa hukumu: nyumba ya Cheyo ina kitu. Mwili unapona ukiwa mbali na unaugua ukirudi, sasa ulitaka ushahidi gani zaidi?

Wakaja watu wa kuchimba uchawi. Walichimba mlangoni, wakachimba kwenye kona ya jikoni, wakatoa kufuli lenye kutu na chupa iliyojaa udongo. Kila mtu aliridhika. Kiwanja chochote cha Tabora ukikichimba utatoa kufuli na chupa, maana watu wameishi hapa tangu enzi za misafara na wote walikuwa na tabia ya kutupa vitu, lakini nani angenisikiliza. Siku hiyohiyo mume wangu alinunua mkate mkubwa na blubendi ili tusherehekee nyumba kuwa safi. Nilikula vipande vinne. Kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimelala chali, na mama mkwe anauliza kwenye simu kama walichimba na upande wa choo.

Aliyenifungulia njia ni daktari binti, mdogo kuliko mimi, kwenye hospitali ambayo siitaji kwa sababu foleni yake inatosha. Aliniuliza ninakula nini kuanzia asubuhi. Nikamjibu kwa fahari kidogo, kwa kuwa mshahara wa mwalimu si mkubwa lakini kwangu chai haijawahi kuwa kavu. Mkate asubuhi. Saa nne, chai ya ofisini na chapati. Jioni ugali au wali.

"Na ukiumwa, mwalimu, unakula nini?"

Swali hilo sikuwahi kuulizwa. "Mkate, daktari. Mkate na chai ya maziwa, au uji wa ngano. Kama mgonjwa yeyote."

Aliacha kuandika. Akaniuliza watu wakija kunipa pole huleta nini. Nikamwambia mkate na sukari. Akauliza nikizidiwa huwa wanaleta nini. Nikamwambia mikate mingi zaidi. Hapo akaweka kalamu chini kabisa, akatabasamu kwa namna ambayo haikuwa ya furaha.

Damu yangu ilipelekwa mbali, ikajibu baada ya wiki kadhaa. Kisha nikapanda basi hadi Mwanza nikamezeshwa mpira wenye kamera, jambo ambalo sitaki kulikumbuka. Majibu yaliporudi alinifundisha neno, seliaki, ambalo mimi nililisikia kama jina la spea ya trekta. Alisema ndani ya ngano kuna kitu kinaitwa gluteni, na mwili wangu tangu zamani hauwezi kukivumilia. Kila kikiingia, utumbo unajichubua wenyewe, na utumbo uliochubuka haufyonzi chakula. Ndiyo maana damu haiongezeki. Ndiyo sababu ya mambo mengine pia, akasema, akatazama faili mahali palipoandikwa zile mimba. Dawa hakuna. Dawa ni kuacha ngano, yote, hata chembe.

Kisha, akiwa anafunga faili, aliuliza: "Kwenu kuna mwingine? Huwa inatembea katika ukoo. Ndugu aliyekonda bila sababu, mtoto aliyevimba tumbo?"

Nikasema hakuna. Nilisema haraka mno, na kama ningekuwa darasani ningemwambia mtoto huyo asimame.

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje, na mdogo wangu akaja. Sisemi mzuka. Nasema nilimwona alivyokuwa, miguu kama vijiti vya kuchokonolea moto, tumbo limetangulia, nywele zimekuwa nyekundu na laini, na uso wa mtu mzima aliyechoka na watu.

Mimi nilizaliwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, na wazazi waliotoka Burundi mwaka sabini na mbili wakiwa bado watoto. Mama alikimbia akiwa na umri wa mwanafunzi wangu. Porini walikula muhogo, mara nyingi mbichi, wakiung'oa kwenye mashamba ya watu na kukimbia. Tangu hapo mama aliulima muhogo, aliupika na kuula, lakini hakuuheshimu. Kwake ulikuwa chakula cha njaa na cha hofu. Chakula cha mtu aliyetulia, mwenye dari na kesho, kilikuwa ngano. Alijifunza kukaanga maandazi, na alfajiri yake ikawa hiyo kwa miaka yote: kuni, mafuta, karai, kisha beseni kichwani kwenda kuwauzia watu wa soko la tumbaku. Sare zangu za shule zilitoka kwenye karai hilo. Ualimu wangu umetoka humo.

Nyumbani kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Andazi la kwanza kutoka kwenye mafuta halikuwa la baba wala la mteja. Lilikuwa la mgonjwa. Kama hakuna mgonjwa, mama alilikata tukagawana. Lakini karibu kila mara alikuwapo, na kuanzia alipoachishwa ziwa, mgonjwa alikuwa mdogo wangu.

Kadi yake ya kliniki ilikuwa na rangi tatu, kijani juu, kijivu katikati, nyekundu chini. Kila mwezi nukta yake ilishuka. Nilikuwa na miaka tisa, nilimsindikiza mama, nikamsikia mtu wa kwenye mizani akimwuliza mbele ya wanawake wote: mama, wewe unauza maandazi, mbona mtoto humlishi? Sijasahau mgongo wa mama wakati tunarudi. Walimwelekeza kutengeneza unga wa lishe, achanganye mahindi, soya, karanga na ngano, na yeye kwa uchungu wa kuaibishwa akaongeza ngano maradufu. Uji wa ngano asubuhi, andazi saa nne, uji tena jioni. Mtoto aliutema. Mama alimbana miguu kwa magoti yake, mimi nikamshika mikono, na kijiko kikaingia.

Alichokuwa anakitaka mdogo wangu ni muhogo. Alikuwa anatambaa uwanja mzima, maana kutembea alikuwa ameacha, mpaka kwenye kipande cha muhogo wa kuchoma alichodondosha mtu, akakitia mdomoni na majivu yake. Mama akiona alinituma: "Mnyang'anye huyo. Muhogo hauna nguvu, utamwua."

Sasa lile ninaloona haya kulisema. Mimi nilikuwa namnyang'anya, kisha naula mwenyewe. Andazi langu la asubuhi lilikuwa linaniuma tumbo, na sikuthubutu kusema, kwani ni mtoto gani wa Ulyankulu angekataa andazi? Kwa hiyo nikapata biashara. Nyuma ya jiko nilimpa mdogo wangu andazi langu, juu ya lile lake, nikachukua muhogo wake. Alilia. Nilimziba mdomo kwa andazi lenyewe. Tulifanya hivyo siku nyingi, sijui ngapi, hadi akawa hatambai tena.

Alizikwa na gauni langu la komunyo ya kwanza, lililomfunika hadi chini ya miguu. Watu walisema ni utapiamlo, wengine wakasema amerogwa, wengine wakasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi sikusema kitu kwa miaka thelathini. Sikuwa na la kusema, hadi siku ya lile benchi la hospitali.

Nilirudi siku nyingine nikamwambia daktari ukweli. Akasema hawezi kujua. Watoto wa miaka ile walikufa kwa mambo mengi, kuhara peke yake kulitosha. "Huenda," alisema, "na huenda si hivyo. Hatuna wa kumpima." Alitaka kunifariji. Lakini ningependa zaidi aseme ndiyo au hapana, kuliko kunipa hilo huenda likae nami mezani kila siku.

Maisha bila ngano Tabora yanawezekana, tena nafuu yake ilikuja upesi. Damu ilipanda ndani ya miezi mitatu, sketi zangu zikakataa kufunga. Tabu haikuwa chakula, ilikuwa watu. Vitumbua ni vya mchele, sawa, lakini mpishi anatia konzi ya ngano ili vishikane, na ukimwuliza anaona unamchunguza. Mashine ya kusaga inasaga mahindi yako ikiwa imetoka kusaga lishe ya mtu yenye ngano, kwa hiyo ilinibidi niwe wa kwanza asubuhi, kabla ya wote, na mwenye mashine akaanza kuniita tajiri wa saa kumi na mbili. Mume wangu alinitengenezea kasha la mbao lenye mfuniko wa kubana, la unga wangu, akachora msalaba juu yake kwa patasi ili lisichanganywe na la wageni. Ofisini, chai ya saa nne, natoa viazi vyangu kwenye kikopo, na mwalimu mmoja hakosi kuuliza kama chapati zao zina sumu. Misibani ndiyo mbaya zaidi. Ukikataa chakula cha mwenye nyumba, mbele ya watu, umemwambia unamwogopa, na huku kwetu anajua unamwogopea nini. Nimepoteza marafiki wawili kwa sahani za tambi.

Komunyo niliiacha kimyakimya. Hostia, ule mkate mwembamba wa komunyo, ni ngano tupu. Nilijua kuna namna, kwamba padre anaweza kumpa mtu divai peke yake, lakini kwenda kumwambia padre kulimaanisha kueleza, na nilikuwa nimechoka kueleza. Halafu nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia Mungu kwa kuchagua ngano, mahali ambapo muhogo umejaa, na hasira ya namna hiyo humwelezi padre kirahisi. Basi nikawa nabaki kwenye benchi.

Mama aliposhuka kwenye basi alikuwa na ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ameizungushia khanga. "Shikamoo mama," nikamwambia, nikaipokea, ikawa bado ina joto upande mmoja uliopigwa jua.

"Marahaba mwanangu. Nilisikia tumbo bado linakusumbua. Nimekuletea yale ya kwanza ya kila karai, sikuuza hata moja."

Nilishukuru. Mengine niliyosema yalikuwa uongo, kwamba nimetoka kula, kwamba nitakula kesho. Mume wangu aliyala yote kwa utii, siku nne mfululizo, akiuma andazi huku akinitazama kama mtu anayekula ushahidi. Mama aliona ndoo imekwisha akafurahi. Akaomba unga akaange mengine. Nilimwambia ngano imepanda bei na madukani hakuna, akanitazama kwa yale macho yake mabovu, ambayo siku hizo yaliona vizuri kuliko nilivyopenda.

Jumatatu baada ya ile Jumapili ya tatu nilirudi kutoka shule saa tisa. Alikuwa uani, kwenye kigoda, anamenya muhogo, kwa kuwa niliacha kwenye kapu muhogo mwingi kuliko nyumba yoyote ya mtumishi wa serikali inavyopaswa kuwa nao. Sikuwa nimeweka mkoba chini.

"Umehamia kwa Wamoraviani?"

"Hapana, mama."

"Mume wako ana mtu?"

"Hana."

"Wewe una mtu?"

"Mama, jamani."

"Basi niambie. Mimi ni mzee, nitakwenda siku yoyote, sitaki kwenda huku naacha mtoto wangu amekaa kwenye benchi wakati wenzake wanapokea. Umefanya nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hili. Nilikuwa nimeamua kusema nina dhambi, na kwamba nitaungama. Nikasema hivyo. Mama akauliza dhambi gani. Nikatafuta moja ya kutosha, nikakosa. Nikiwa nimesimama pale natafuta, niliona kisu chake kimesimama katikati ya muhogo, na nikajua kwamba tangu Jumapili ya kwanza amelala akidhani mwanawe anakwenda motoni. Nilikuwa nimemwokoa na uchungu mmoja nikampa mwingine, wa bure kabisa. Nikakaa chini, kwenye saruji, nikamwambia.

Nilimwambia taratibu, kama ninavyofundisha sehemu ngumu. Kwamba ni ngano. Kwamba hostia ni ngano. Kwamba siyo sumu kwa wengine, ni kwangu tu, kwa sababu ya nilivyozaliwa. Sikutaja ukoo. Sikutaja mtoto yeyote. Nilisema sana kuhusu Mwanza na ule mpira.

Alisikiliza akiendelea kumenya. Ganda la muhogo lilikuwa linatoka refu, bila kukatika. Aliuliza kama unga ule aliopewa kliniki zamani, ule wa lishe, nao ungenidhuru. Nikasema ndiyo, wenye ngano. Akauliza mtu mwenye ugonjwa huo huwaje akiwa mtoto. Nikasema inategemea. Akauliza tena, kwa sauti ileile, kama tumbo linavimba.

"Wakati mwingine, mama."

"Nywele je?"

Nikaanza kuokota maganda kwenye saruji. Mama aliweka kisu kwenye beseni.

"Alikuwa anautema ule uji," alisema. "Nikamchapa. Siku ya mwisho aliyoweza kula nilimchapa kwa sababu aliutema kwenye khanga yangu."

"Mama, daktari anasema hatujui. Hakuna wa kumpima. Inawezekana ilikuwa kitu kingine."

"Alikuwa anataka muhogo. Nami nikawa namkataza."

Alisema bila kulia, na hilo ndilo lililonivunja, kwa kuwa mama hulia kirahisi, hulia hata harusini. Nilitamani aniachie sehemu ya mzigo huo. Nilitamani hivyo kwa ajili yake, na naapa nilitamani kwa ajili yangu pia, kwani nilikuwa nimeubeba peke yangu tangu nina miaka tisa.

"Siyo wewe, mama," nikamwambia. "Wewe ulikataza tu. Mimi ndiye niliyekuwa nauchukua, naula. Nyuma ya jiko. Na andazi langu nilikuwa nampa yeye, lilikuwa linaniuma tumbo. Alikuwa anakula lake na langu. Kila siku."

Hakushtuka. Alichukua kipande kimoja cha muhogo kutoka kwenye maji, akakipangusa kwa upindo wa khanga, akakishika tu. Nilisubiri anilaani au anisamehe, na lolote kati ya hayo ningelipokea kwa shukrani.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nawaona kupitia ukuta wa matete. Unampa andazi lako. Nikawa namshukuru Mungu, nasema, huyu mtoto wangu mkubwa anampenda mdogo wake."